Mayi ya Siku ya Posho

Siku nilitukana Papa mukubwa nilikuwa na nguo ya kanisa ku mwili, na hiyo njo iliumiza Shangazi kuliko matusi yenyewe. Alinivuta shati, akaniambia pole pole, “Na hii shati ni mimi nilikununulia.”

Tulikuwa mu salon ya Koko, hapa Kamembe. Koko ni baba ya papa yangu, na ninaishi naye tangu niko mutoto wa kutambaa. Papa yangu alikufa mapema, maman akaolewa fasi ya mbali, basi tulibaki batatu mu nyumba: Koko, bibi yake, na mimi. Kisha bibi naye akaenda, tukabaki babili.

Papa mukubwa ni kaka mukubwa ya papa yangu. Analima mpunga ku Bugarama, kule chini kwenye joto. Shangazi ni dada yao, anaishi Bukavu, ngambo ya mpaka ku Congo, anavuka daraja karibu kila siku na bidhaa yake. Jumapili ile bote babili balikuya juu ya kitu moja: Koko alianguka mu dushi. Hakuvunjika. Lakini tangu siku ile paja ilikuwa inamuuma, akawa anatembea na mukono moja ku ukuta, sawa muntu anayetafuta swichi mu giza.

“Kesho ninamubeba Muzee,” Papa mukubwa akasema. “Anaenda na mimi Bugarama.”

“Bugarama kufanya nini?” Shangazi akasema. “Anakuya Bukavu. Kule njo kuko bantu yake.”

Bakaanza. Huyu anasema hospitali, huyu anasema ngazi, huyu anasema mbu ya mu mashamba ya mpunga. Koko alikuwa ku kiti yake ya fotei, kati yao, anageuza kichwa huku na kule sawa anaangalia mupira. Hakuna muntu alimuuliza kitu. Mimi pia sikumuuliza, niseme ukweli. Mimi nilisimama tu, damu ikapanda, nikamwambia Papa mukubwa:

“Wewe unajua mpunga tu. Koko haiko mpunga. Hautamwanika ku bashi halafu umugeuze na miguu.”

Bashi ni ile plastike kubwa ya kutandika chini. Banamwaga mpunga juu yake ikauke ku jua, na muntu anapita ndani bila viatu, anaigeuza na miguu. Kila muntu wa Bugarama anajua ile kazi, na Papa mukubwa aliifanya tangu alitoka Bukavu akarudi huku Rwanda.

 Papa mukubwa alichukua kofia yake ku meza, akaangalia ndani yake, akatoka. Kwetu, papa yako akikufa, kaka yake njo anakuwa papa yako. Basi nilitukana papa yangu, siku ya Mungu, na shati ya zawadi.

Ninaongea sana, hiyo ninaijua. Shule niliiacha katikati. Kazi yangu ni kutengeneza telefone na radio, ku meza moja karibu na soko, na hakuna muntu alinifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu. Nilifungua radio ya Koko, ikakufa, nikafungua ingine, ikakufa nusu, ya tatu ikaimba. Bateja bangu banajua kama hasira yangu iko karibu. Muntu akiniletea telefone akisema ilianguka tu kidogo, na mimi ninaona mayi ndani yake, tunagombana mbele ya bantu. Lakini banarudi.

Kuosha Koko pia nilijifunza hivyo. Mbele ya kuanguka alikuwa anajiosha mwenyewe. Kisha kuanguka, infirmière moja, muuguzi wa hospitali, alinionyesha namna ya kuinua muntu bila kumuvuta mabega, na yote ile ingine Koko mwenyewe alinifundisha, akiwa uchi ku kiti ya plastike, na sabuni ku nyusi. Juu Koko alikuwa kinyozi. Alinyoa bantu ku Bukavu miaka mingi kuliko ile mimi nimeishi, mu kiosk ya mbao, na kinyozi ana sheria zake. Ya kwanza: mayi unaimwaga ku mukono yako mwenyewe, hapa ndani karibu na mushipa, na unangoja. Mayi inadanganyaka vidole, haidanganyi hapa. Ya pili: mbele ya kugusa muntu, unamwambia fasi mukono yako inaenda. “Sasa sikio. Sasa shingo.” Alisema muntu mwenye wembe iko ku shingo yake anapenda kujua habari. Ya tatu: kazi yote inaonekana nyuma ya masikio. Mbele bantu banajiona benyewe ku kioo. Nyuma ya masikio ni weye tu na Mungu.

Kila siku ya posho, ile bengine banaita jumamosi, saa mbili ya asubuhi, nilikuwa ninapasha mayi ku makala na tunaingia mu dushi, mimi na yeye. Yeye ananiita Mupinzani. Ilianza zamani, juu bibi yake alikuwa ananiita bwana yake mudogo, sawa babibi banavyoitaka bajukuu, na Koko akasema basi mu hii nyumba kuko bwana babili, vita itakuwa. Nikimumwagia mayi baridi kidogo, anasema, “Mupinzani, ulishanichukulia bibi, sasa unataka kuniua nimufuate.”

Ile saa ilikuwa yangu. Sikutaka muntu aiguse.

Na kulikuwa na sababu ingine, ile niliona ni sababu kubwa kabisa. Ku Bugarama, mchana, muntu mwenye anabakiaka ku nyumba ni bibi ya Papa mukubwa. Kwetu bibi ya mutoto yako haonangi mwili yako. Hakuitaki na jina, hakaaki ku kiti yako, mukikutana mu njia anakupisha. Hiyo haiko woga, ni heshima, na Koko na bibi ya Papa mukubwa balikuwa mabingwa yake. Sikumbuki kubaona bakisemeshana uso kwa uso. Akikuya Kamembe, anasimama mu kitchen na kusema, “Mwambieni Papa chai iko tayari.” Na Koko, mwenye iko hapo hapo nyuma ya pazia, anajibu, “Mwambieni maman ya batoto ninashukuru.” Mimi njo nilikuwaka katikati sawa antene.

Sasa nani atamuosha? Muntu wa kulipwa Koko alimukataa mara moja. Alisema hajalipa muntu amukamate masikio na hataanza leo.

Shangazi njo alienda kuita mupatanishi. Ku kila fasi huku kwetu kuko bantu benye majirani banachagua juu ya kupatanisha, Kinyarwanda banaitwa abunzi, na ya kwetu mumoja ni maman ambaye alifundisha primaire miaka mingi. Sasa ana ndizi yake na mbuzi mbili. Shangazi alitaka aandike kesi. Yule maman akasema, “Hiyo haiko kesi. Kesi inakuyaka na kitabu. Hiyo nitaikuyia na sandale.”

Alianzia kwangu. Alikuya ku meza yangu ku soko na telefone yenye haishike chaji, akakaa ku kiti ya bateja, akaniuliza siku ya Koko iko namna gani. Nikamwambia. Saa anaamka, mukono gani anaweka ku ukuta, chai inakuwa na sukari ngapi, mafuta ya paja ni gani, soksi gani inamubana. Nilisema mpaka muteja mumoja akaenda ku meza ya mwenzangu. Yule maman alikuwa ananiangalia tu na ile macho ya mwalimu, ile inakungojea umalize hesabu halafu inakuonyesha fasi ulikosa.

“Umemuchunga muzuri,” akasema. “Na yeye anasema nini?”

“Nani?”

“Koko yako. Anataka nini?”

“Anataka kubaki kwake.”

“Alikuambia?”

“Maman, ninaishi naye.”

“Hiyo nimesikia. Nimeuliza kama alikuambia.”

Nikamwambia telefone yake itaisha kesho kutwa. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Alienda Bugarama na pikipiki, akaongea na Papa mukubwa na bibi yake. Alivuka mpaka Bukavu kwa Shangazi. Ku Koko alikaa mu salon na mulango imefungwa, na mimi nilifukuzwa nikanunue chumvi, na chumvi ilikuwa mingi mu nyumba. Kisha akatuma habari: tunakutana kwa Koko, siku ya posho, saa mbili ya asubuhi.

Nilimukimbilia mu ndizi yake. “Maman, ile saa ninamuosha.”

“Ninajua.”

“Sasa tutaongea wakati gani?”

“Munapigana juu ya kazi moja, na mumoja tu njo anaijua,” akasema. “Basi tukutane fasi inafanyikia. Na weye utamimina mayi. Kumimina tu. Mudomo inabaki imefungwa mpaka Muzee avae. Ikifunguka, ninarudi kwa mbuzi yangu na munabaki na vita yenu.”

Nilisema nitaweza. Alicheka mpaka akashika mugomba.

Siku ile nilipasha mayi sufuria mbili. Papa mukubwa alifika na suruali ya kazi, bila kunisalimia. Bibi yake alienda moja kwa moja nyuma ya kitchen, akakaa na mugongo imegeukia kwetu, akaanza kuchambua maharagi. Shangazi alifungua na sala, na akaombea mpaka bale ba douane banaopekua mizigo ku daraja. Nilikuwa ninasikia mayi inachemka na siwezi kusema kitu.

Yule mupatanishi aliweka kiti yake mbele ya Koko, karibu, magoti ku magoti.

“Mzee,” akasema, “leo ni siku ya mayi. Unataka nani akuoshe?”

 Koko aliangalia mikono yake. Iko na mikono ya ajabu, nyembamba, vidole mirefu, hata leo haitetemeki ikiwa imeshika kitu.

“Nilishika vichwa mingi,” akasema, “ya bamaskini, ya bakubwa, ya bale banalewa. Niliuliza kila muntu, unataka namna gani. Mimi sasa njo ninaulizwa mara ya kwanza.”

Nilisikia uso yangu inakuwa moto.

“Huyu Mupinzani ana mikono muzuri,” akasema, akinionyesha na kidevu. “Hakuna kitu ninaweza kumusema ku mikono. Lakini anaongea. Ninatoka mu dushi masikio iko safi, na imechoka.”

Bote bakacheka, hata kule nyuma ya kitchen maharagi ilisimama kidogo.

“Sasa nisikilizeni,” Koko akasema. “Huku Kamembe juu iko baridi. Mvua ikinyesha, ile baridi inapita mu simiti, inapanda mu kiti, inaniingia ku paja. Tangu mvua ilianza ninawaza Bugarama. Ninawaza ile jua yake usiku nikilala.”

Shangazi akasema, “Papa, juu ya nini hukusema?”

“Juu ya vitu mbili. Ya kwanza ni huyu.” Kidevu tena kwangu. “Nikienda, anakula na nani? Anakula akisimama sawa kuku kama siko. Niliona afazali baridi.”

Ninaapa nilitaka kusema. Nilitaka kusema vitu makumi mbili. Wiki zote ile nilikuwa nimesimama ku mulango ya ile nyumba sawa askari, ninafukuza kila muntu anayetaka kumutoa, na yeye alikuwa ndani anatetemeka baridi juu yangu. Yule maman alinitazama, kidole ku mudomo. Nilishika kopo ya kumiminia mpaka ikapinda.

“Na ya pili?” akamuuliza.

 Mbele Koko ajibu, sauti ikatoka nyuma ya kitchen.

“Mwambieni Papa,” bibi ya Papa mukubwa akasema, “kama ni juu yangu asihangaike. Siku ya posho mimi niko mu mpunga mpaka saa sita. Hata nikiwa sina kazi mu mpunga, nitaitafuta.”

“Mwambieni maman ya batoto,” Koko akasema, na sauti yake ilikuwa laini, “haiko juu yake. Yeye ni muntu wa heshima. Ni juu ya huyu.” Akaangalia Papa mukubwa. “Huyu nilimuzaa. Nilimuchapa. Alilia mbele yangu, na mimi sikulia mbele yake hata siku moja. Sasa nivue nguo, anione miguu namna imekuwa?”

Papa mukubwa alikuwa anaangalia chini. Ni muntu mukubwa wa mwili, mabega sawa mulango, na saa ile alikuwa anajikunyata ku kiti.

“Papa ya batoto,” mupatanishi akamuuliza, “weye ulishaosha nani?”

“Batoto yangu,” akasema. “Na ng'ombe.”

“Basi kati ya mutoto na ng'ombe utapata njia. Mzee, tujaribu leo tu. Ukikataa katikati, unakataa, huyu kijana anamaliza. Ni weye kinyozi.”

 Koko akanyoosha mukono moja kwangu na mukono ingine kwa mutoto yake, tumuinue.

Tukaingia batatu. Dushi yetu ni mabati ku upande tatu na pazia, simiti chini, na kile kiti ya plastike. Nilimuvua shati, nikamuvua na ile ingine, nikaweka taulo ku magoti yake sawa tunafanyaka. Papa mukubwa aliangalia ukuta. Mimi nilichanganya mayi mu beseni, nikarudi nyuma na kopo, na niseme vile ilikuwa: nilikuwa ninangoja akose. Nilikuwa nimeandaa kila kitu mu kichwa. Ataweka mukono tu bila kusema, Koko atashituka, na bote huko nje batasikia.

Papa mukubwa alikunja mikono ya shati. Akapiga goti ku simiti, na ile suruali yake. Akanionyesha na kichwa nimimine. Nikamimina, na yeye hakuweka vidole. Aligeuza mukono, akapokea mayi hapa ndani, karibu na mushipa. Akangoja.

“Bado moto,” akaniambia. “Ongeza baridi.”

Nikaongeza. Akapima tena.

“Papa,” akasema, “ninaanza ku shingo.”

Koko alifunga macho.

Mimi nilisimama na kopo. Nilidhani ile kitu alinipa mimi peke yangu. Sikuwahi kuwaza kama mbele yangu, mbele hata papa yangu hajazaliwa, huyu mwanaume wa mpunga alikuwa anafagia nywele mu ile kiosk ya Bukavu, anaona ule mukono ukipima mayi mara elfu. Hakuisahau. Alikosa tu muntu wa kumufanyia.

Ku mugongo alikosa. Alisugua na nguvu, juu chini, juu chini.

“Mutoto yangu,” Koko akasema, macho ingali imefungwa, “sina mkia.”

“Pole, Papa.”

“Ng'ombe yako inapendaka namna hiyo?”

“Haijawahi kulalamika.”

“Haina mudomo. Umupe huyu Mupinzani, ataisemea.”

Papa mukubwa alianza kucheka bila sauti, mabega inaruka, na Koko akacheka, na mimi niliuma midomo mpaka nikaonja chumvi. Kisha niliona kama Papa mukubwa hayuko anacheka tena. Alikuwa ameshika mukono ya Koko, anapitisha kitambaa kati ya vidole, kimoja kimoja, na mayi ilikuwa inamutoka ku macho. Koko alifungua macho, akaona.  Alisema tu, “Na kidole kidogo,” na akakinyoosha.

Tulimukausha, tukamuvalisha. Nilipomaliza kifungo ya mwisho nilitoka ku pazia na nikasema yote kwa pumzi moja: kama paja isimwagiwe mayi ya moto sana, kama soksi ya buluu inabana, kama mukono yake ya kuume njo ina nguvu usimwinulie ya kushoto. Yule maman akasema, “Huyo sasa amefunguliwa,” na chai ikaletwa.

Tulikubaliana haraka kuliko nilivyofikiria. Wakati wa mvua Koko anakaa Bugarama. Jua ikikuya na huku juu ikikauka, anarudi kwake Kamembe. Mbele ya kwenda, Papa mukubwa anapanda huku wiki ine, kila siku ya posho, na mimi ninamufundisha yote ile sikusema siku ile. Shangazi alisononeka kidogo juu ya Bukavu, basi mupatanishi akamuuliza Koko anakosa nini cha Bukavu, na Koko akasema anamukosa muzee mumoja rafiki yake, mwenye alikuwa anakaaka mu kiosk kila siku na hakunyolewa hata mara moja, juu alikuwa na upara. Shangazi akachukua ile kazi: kumuvusha yule muzee daraja mara moja ku mwezi. Alifurahi mpaka akataka kusali tena. Tulimuzuia.

Yule maman hakuandika kitu. Alifanya kila muntu aseme, kwa sauti, kazi ya mwenzake, sio yake. Papa mukubwa akasema ya Shangazi. Shangazi akasema yangu. Mimi nikasema ya Papa mukubwa, na kuisema na mudomo yangu mwenyewe, kama “Papa mukubwa atamuosha Koko,” ilinikwama mara mbili mbele ya kutoka. Bibi yake akasema yake mwenyewe nyuma ya kitchen, bila kuulizwa: atapika sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa, bila pilipili, juu anajua tumbo ya Papa, ilitosha kuangalia sahani anayorudisha. Miaka yote ile alikuwa anamusoma ku sahani.

“Bado kitu moja,” mupatanishi akasema, na ananiangalia.

Nikasimama. “Papa mukubwa, nisamehe juu ya mpunga.”

“Mpunga imekusamehe,” akasema. “Mimi bado.”

Aliniacha nisimame hapo. Kisha akanisukumia kikombe yake, chai iko nusu, nimalizie. Nikamaliza.

Ile siku ine ya kufundisha tuligombana mu dushi kila mara, na Koko ku kiti akatuamua. Siku ya ine sikuingia. Nilikaa nje na kopo ku magoti, ninasikiliza mayi.

Njo akaenda. Jioni ya kwanza nilikula nimesimama, sawa alivyosema. Ya pili telefone ikaita. Nilikuwa nimemutengenezea moja ya zamani, ya vibonyezo mukubwa, nikamufundisha kibonyezo kimoja tu, changu. Akasema, “Weka sahani ku meza. Ukae.” Nikakaa. Yeye kule ana sahani yake, mimi huku yangu, telefone kati, tunakula. Kila jioni sasa tunafanyaka hivyo. Analalamika namna ninatafuna.

Jumapili ya tatu nilishuka Bugarama. Ukitelemuka ile barabara unasikia joto inakupokea pole pole, unavua koti, unafungua shati, na ukifika chini unaelewa muntu mwenye paja inamuuma. Mbele ya nyumba ya Papa mukubwa balikuwa bametandika bashi tatu, mpunga imejaa juu. Papa mukubwa alikuwa anapita ndani bila viatu, anageuza. Na ku upande, ku kiti, miguu imenyooka mu jua, kofia ku macho, Koko.

“Mupinzani,” akasema, bila kuinua kofia. “Unaona, balinianika. Bado tu kunigeuza na miguu.”

Papa mukubwa, mu mpunga, hakusimama, lakini nilimuona anacheka.

Kule ndani sauti ikasema, “Mwambieni Papa mugeni wake akule.”

“Mwambieni maman ya batoto anakuya,” Koko akasema.

Nilimusalimia namna tunasalimianaka, paji ya uso ku paji ya uso, mara tatu. Alikuwa ananukia sabuni na jua. Na kwa sababu ni mimi, nikiwa nimeinama hivyo, niliangalia nyuma ya masikio. La kuume lilikuwa safi kabisa. Nyuma ya la kushoto kulikuwa na alama ya povu imekauka, kidogo sana, sawa unga.

Papa mukubwa alikuwa amesimama sasa, miguu mu mpunga, ananiangalia.

Niliipangusa na kidole, nikajifanya ninamuweka kofia muzuri. “Iko safi,” nikasema, na nikaenda kula.